Kulwa na Doto kwenye Moto wa Sae

Kulwa binti Malimi alizaliwa kwa mwenye ng'ombe, akaolewa na mwenye ng'ombe, na ujana wake wote aliamshwa na milio ya ng'ombe. Hata hivyo, mpaka anapata wajukuu, nyama ya kuchoma alikuwa ameila mara moja tu. Akiwaambia hivyo wanawake wenzake wa sokoni Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, anakouza mchele, wanacheka wakidhani anatania.

"Msukuma wewe!" humwambia Tupokigwe, anayeuza ndizi meza ya jirani. "Ng'ombe mlikuwa nao wengi kuliko watu, halafu nyama choma hamkula?"

"Walikula wenyewe," Kulwa humjibu. "Mimi nilikuwa nanusa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwao Meatu, kwenye boma la mzee Malimi, jioni ilikuwa na mioto miwili. Mmoja ulikuwa wa jikoni, na huo ulikuwa wa wanawake na watoto wa kike. Mwingine uliwashwa uani karibu na zizi, ukaitwa shikome. Hapo walikaa wanaume na wavulana. Wakubwa walizungumza, wadogo walisikiliza na kuongeza kuni. Siku akichinjwa mbuzi au ng'ombe, nyama ya wanaume ilichomekwa kwenye vijiti kuzunguka shikome, na ya wanawake ikaingia chunguni kuchemka. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Ilikuwa hivyo kama jua lilivyo.

Kwa Kulwa jambo hilo lilikuwa na mwiba kidogo, kwa sababu alizaliwa pacha. Yeye alitangulia, ndiyo maana akaitwa Kulwa. Doto, mvulana, akamfuata. Wakiwa wadogo walilala ngozi moja na kula sahani moja. Halafu ikafika jioni ambayo baba yao alimshika Doto mkono na kusema, "Wewe sasa njoo ukae huku." Doto akaenda bila kugeuka nyuma. Kulwa alibaki mlangoni mwa jiko na kibakuli mkononi, akisubiri arudi wamalizie ugali. Hakurudi. Kuanzia siku hiyo alimjua kaka yake kwa kivuli chake kwenye mwanga wa shikome, na kwa harufu ya moshi wa nyama aliyoingia nayo ndani wakati wa kulala.

"Ikoje?" alimuuliza siku moja.

"Nini?"

"Nyama ya huko."

Doto alifikiri kidogo. "Ina moshi," akasema, akalala.

Walipokuwa na umri wa kubalehe mvua ziliacha kunyesha Meatu. Mwaka wa kwanza watu wakavumilia, wa pili wakaanza kuuza, na wa tatu ndugu mmoja akaleta habari kwamba kusini mbali, chini ya milima, kuna bonde linaitwa Usangu, lina majani yanayomfika ng'ombe tumboni na mto usiokauka. Mzee Malimi hakuuza. Alikusanya familia na ng'ombe wake na kuanza safari kwa miguu.

Safari hiyo ndiyo Kulwa anayoisimulia kila akipata msikilizaji. Walipita nchi ya Wanyaturu, wakapita Itigi, wakaingia pori la Rungwa, ambako walitembea wiki nzima bila kuona moshi wa nyumba. Mama yake alibeba mchanga wa Meatu kwenye kitambaa, hakumwambia mtu sababu. Porini kulikuwa na simba. Ng'ombe walifungiwa katikati kwa boma la miiba, na watu hawakuthubutu kutawanyika. Kwa hiyo jioni uliwashwa moto mmoja tu, mkubwa, wakauzunguka wote: mzee Malimi, ndugu zake, mama, watoto, hata mke mdogo wa baba mdogo aliyekuwa akiwaonea haya wakwe zake. Kulwa alikaa bega kwa bega na Doto kama zamani.

Ndani ya pori hilo, wakivuka korongo kavu, ndama mmoja jike aliteleza na kuvunjika mguu. Hakuweza kutembea, na kumwacha ni kumpa simba. Mzee Malimi akamchinja. Chungu kikubwa kilikuwa kimevunjika njiani, hivyo nyama yote, ya wanaume na ya wanawake, ikachomwa. Vijiti vikachomekwa duara zima la moto. Mafuta yakadondoka na kulia kwenye makaa. Mzee Malimi alikata ubavu, akanyoosha mkono juu ya watu wawili, akampa binti yake bila kusema neno.

Kulwa hakuwahi kuisahau nyama hiyo. Nje ilikuwa imekauka na chumvi, ndani laini, moshi umeingia mpaka kwenye mfupa. Na alipomaliza ubavu wake, Doto alimsogezea na wa kwake mzima. "Kula tu," akamwambia. Hapo ndipo Kulwa, akiwasimulia watoto wake, huwa anapiga mkono kwenye paja na kusema, "Kaka yangu alikuwa na moyo! Njaa ile, akanipa na ya kwake!"

Walifika Usangu, na bonde lilikuwa kama walivyoambiwa. Wakajenga nyumba, wakazungushia zizi, na jioni ya kwanza baada ya nyumba kuezekwa mioto ikawa miwili tena.

Kulwa aliolewa na Ezekiel, kijana wa Kisukuma wa upande wa Ubaruku. Wakazaa watoto watano, wakabaki wanne. Ezekiel alikuwa mwema, mpole, mcheshi akishiba. Naye alikuwa na shikome lake uani, na Kulwa alimpelekea ugali hapo kila jioni, akauweka chini na kurudi jikoni. Miaka ikaenda. Baadaye serikali ilipoamuru wafugaji wahame bondeni, Ezekiel aliuza nusu ya ng'ombe na kuswaga waliobaki kuelekea Lindi. Alisema atamwita mkewe akishapata mahali. Alipiga simu mara chache. Homa ikampata huko, akazikwa huko. Kulwa alihamia Mbalizi na watoto, akaanza kwa kuuza maziwa, baadaye mchele wa Usangu, na kwa mchele huo akasomesha. Binti yake wa tatu, Violet, anafanya kazi maabara kwenye zahanati, na ndiye anayeishi naye sasa.

Doto yeye alivuka kwenda upande wa Iringa, akatulia Pawaga. Ana mashamba ya mpunga na ng'ombe wa kutosha kumfanya aamke mapema. Yeye na Kulwa walikuwa wakionana misibani. Misiba nayo haina nafasi ya kuzungumza: unasalimia, unalia, unakoroga uji, gari linaondoka.

Ndiyo sababu mwezi wa sita, Violet alipohamia nyumba yake mpya na mjomba wake akasema anakuja kuiona, Kulwa hakulala vizuri siku mbili. Doto alishuka kwenye basi la Iringa amevaa koti refu na kofia ya pama, amebeba nusu gunia la mchele. Baridi ya Mbeya ilimfanya atetemeke.

"Unaniletea mchele mimi?" Kulwa akamwambia. "Mimi nauza mchele!"

"Huo ni wa Usangu. Huu ni wa Pawaga. Kula ujifunze."

Alikuwa Doto yuleyule. Mgongo ulikuwa umeinama, lakini alipocheka meno yake ya mbele yalionekana yote, yakiwa na mwanya uleule wa baba yao. Nyumbani alizunguka vyumba, akagonga kuta kwa kiganja, akasifu bati. Chakula kilipoletwa, alikula ugali na maziwa ya mgando. Nyama akaisogeza pembeni. "Nimeshiba," akasema. Kesho yake pia alikuwa ameshiba.

Violet alidhani anajua shida. "Mama, mjomba ni mtu wa nyama ya kuchoma. Hizi zangu za kuunga na nyanya hawezi kuzipenda. Kuna sehemu imefunguliwa Sae, kule mjini Mbeya, wanachoma Kisukuma kabisa. Inaitwa Shikome."

"Inaitwaje?"

"Shikome."

Kulwa alicheka mpaka akakohoa. "Wameweka kibao? Barabarani?"

Jumamosi mchana wakaenda, watatu kwenye gari dogo la Violet, Doto mbele na kofia yake magotini. Kibao kilikuwepo kweli, kando ya barabara kuu, kimeandikwa kwa rangi nyekundu. Ndani palikuwa na banda kubwa la mviringo, limeezekwa kwa nyasi, na katikati, chini, moto wa magogo. Vijiti vya nyama vilikuwa vimechomekwa kuuzunguka, vimeinama kidogo kuelekea makaa. Mchomaji alikuwa anavigeuza kimoja kimoja na kuvinyunyizia maji ya chumvi kwa kicha cha majani. Karibu na moto palikuwa na vigoda vya miguu mitatu, na nyuma yake meza na viti vya plastiki kwa wale wasioweza kukaa chini. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira. Wasichana wawili waliovaa masweta walikuwa wamekaa kwenye vigoda, wanakula mbavu na kupigana picha.

Mwenye mahali, kijana anayeitwa Charles, mtoto wa Wasukuma wa Rujewa, alikuja kuwapokea. Alimsalimia Doto kwa Kisukuma, ameinama kidogo, "Mwadila, baba." Doto akaitikia kwa furaha, kisha macho yake yakaangukia wale wasichana.

"Akina mama nao wanakaa shikome?"

"Baba, hapa Sae," Charles akasema akitabasamu, "baridi haichagui."

Doto akaguna. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda kilichoelekea kwa mchomaji na kukaa kama mtu aliyerudi kwake. Violet akaenda kwenye dirisha la kuuzia kuchagua nyama. Aliporudi hakumwona mama yake. Alipotazama vizuri akamkuta amejivutia kiti cha plastiki mpaka ukutani, mlangoni mwa jiko, mkoba magotini.

"Mama, mbona umekaa huku?"

"Hapa panatosha."

"Huku ni njia ya wahudumu, Mama."

"Nimeshazoea, mwanangu. Kaeni tu, mtaniletea."

Doto ndiye aliyegeuka kwenye kigoda chake. Alimtazama dada yake pale mlangoni, kitambo, kama anayetafuta jina la mtu. Kisha akavuta kigoda kingine kwa mguu, akakiweka karibu na chake.

"Kulwa. Njoo huku, kuna moto."

Kulwa akaenda. Magoti yalilalamika akishuka kwenye kigoda. Joto lilimpiga usoni, moshi ukaingia machoni, na kwa muda hakuweza kusema kama ni moshi tu.

Nyama ilipoiva ikaletwa juu ya ubao: mbavu, paja, kipande cha nundu, na kando yake ndizi za kuchoma, kachumbari, ndimu na pilipili. Kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Doto alimnyang'anya mhudumu kisu kwa upole.

"Mwanamume mkubwa ndiye anayekata," akasema.

Alikata vizuri, kwa kufuata nyuzi. Alimpa Violet paja, akampa Kulwa ubavu. Kulwa aliushika kwa mikono miwili. Alipouma, nje palikuwa pamekauka na chumvi, na moshi ulikuwepo. Alikula ule ubavu mpaka mfupa ukabaki mweupe, na Doto akampa mwingine, naye akaula. Violet alikuwa hajawahi kumwona mama yake akila hivyo. Nyumbani Kulwa alikuwa mtu wa kugawa kwanza, kisha kukwangua sufuria amesimama.

"Mama, ni nzuri?"

"Subiri," Kulwa akasema, mdomo umejaa. "Usinisemeshe."

Alikuwa amerudi mbali. Aliuona mkono wa baba yake ukipita juu ya watu wawili, na pete ya shaba kwenye kidole. Alimsikia mama yake akicheka kwa sauti mbele ya wanaume, jambo ambalo hakulisikia tena baadaye. Alisikia ng'ombe wakihema nyuma ya miiba. Watu wote wale walikuwa wameshazikwa sasa, huyu Usangu, yule Chunya, mwingine hajulikani wapi. Waliobaki katika duara lile walikuwa wawili tu, naye mmoja wao alikuwa pembeni yake anakata nyama.

Alimtazama, na hapo akaona.

Doto alikuwa anakata, anagawa, anamwelekeza mchomaji, anamsifia Charles, anamcheka mtangazaji wa mpira. Kila mara alitia kipande mdomoni. Lakini taya lake halikuwa linazunguka kama la mtu anayetafuna. Lilikuwa linapanda na kushuka kidogo mbele, kama sungura. Baada ya muda alijifuta mdomo kwa tishu, akaikunja, na ile tishu ikaingia mfukoni mwa koti. Kisha kipande kingine, na tishu nyingine. Mfuko wa koti ulikuwa umeanza kuloa mafuta.

Kulwa akaelewa kila kitu kwa pamoja: shibe ya jana, shibe ya juzi, na kisu. Meno ya mbele yalikuwepo. Magego hayakuwepo.

Alijua angesema nini Violet akijua. Angesema kwa sauti ya zahanati, "Mjomba, kwa nini hukutuambia?" na watu wangegeuka. Kulwa akajifuta mikono. "Nakwenda kunawa," akasema.

Alipita sinki, akaingia jikoni. Mpishi, mwanamke mnene aliyefunga kitambaa cha bluu, jina lake Bertha, alikuwa anatwanga kisamvu.

"Mama, choo ni upande ule."

"Sitaki choo. Nataka kinu."

Bertha aliacha kutwanga. "Kinu cha nini?"

"Nina mtu wangu hapo nje. Hawezi kutafuna, na hataki ijulikane."

Bertha alimtazama sekunde chache, kisha akakomba kisamvu chote na kukitia kwenye sufuria, akasuuza kinu kwa maji ya moto, mara mbili. "Hata bibi yangu kule kwetu Rungwe tulikuwa tunamtwangia," akasema. "Lakini yeye alitaka pilipili."

Kulwa aliomba mnofu wa paja kutoka motoni, ulioiva sana. Akaukatakata, akatia chumvi, akaanza kutwanga. Mikono ilikumbuka yenyewe. Mama yake alimtwangia hivi bibi mzaa baba, zamani Meatu, akiongeza supu kijiko kimoja kimoja mpaka nyama ikawa laini kama ugali wa mtoto na bado ina ladha ya moto. Sauti ya mchi ilitoka mpaka bandani. Charles alichungulia mlangoni. Bertha alimpungia mkono aende zake.

Kulwa alirudi na bakuli, akalishika mbele yake, akakaa. Doto aliona bakuli na uso wake ukakakamaa. Kisu kikasimama.

"Nani kaomba hiyo?" akauliza kwa Kisukuma, polepole.

"Mimi," Kulwa akasema. "Meno yananisumbua."

"Mama, meno yako yana nini tena?" Violet akaanza, na Kulwa akamkanyaga mguu kwa kisigino.

Doto alitazama bakuli. Kisha alitazama mbele ya dada yake, pale kwenye ubao, palipolala mifupa myeupe ya mbavu, imesafishwa kama iliyolambwa na mbwa. Violet naye alitazama mifupa, halafu mjomba wake, halafu mfuko wa koti. Akafumba mdomo, akajishughulisha na ndizi.

Kulwa alichovya vidole, akala donge la kwanza. "Tamu," akasema, kama anayejisemea. Akalisukuma bakuli mpaka likakaa katikati ya vigoda viwili. Hakumkaribisha. Aligeukia moto na kuanza kumuuliza mchomaji magogo yale ni ya mti gani.

"Ni mgunga, mama. Tunatoa Usangu."

"Ndiyo maana," Kulwa akasema. "Ndiyo maana."

Alipokuwa bado ametazama moto alisikia vidole vingine kwenye bakuli. Hakugeuka. Vikaja tena. Walikula hivyo, mmoja akichovya, mwingine akisubiri, kama watoto walivyofundishwa kula bila kugombana. Mzee mmoja wa meza ya nyuma, amevaa kofia ya sufu, akainua shingo.

"Samahani, jamani. Hicho ni chakula gani? Maana na mimi hii nyama naipiga tu picha."

Watu wa meza yake wakacheka. Doto naye akacheka, na safari hii akacheka mdomo wazi kabisa, magego yasiyokuwepo yakaonekana mpaka nyuma. "Mwambie yule mama wa jikoni," akasema. "Nyama ya kutwanga. Hii ndiyo ya wakubwa."

Bertha akaanza kutwanga tena.

Bakuli lilipokaribia kuisha, Kulwa alisema, "Mara ya mwisho tumekula hivi ilikuwa Rungwa. Unakumbuka? Ulinipa na ubavu wako. Watoto wangu wote nimewasimulia. Violet, nimekusimulia au sijakusimulia?"

"Umenisimulia, Mama. Mara nyingi."

Doto alikuwa anapangusa vidole.

"Sikukupa kwa sababu ya moyo mzuri," akasema.

"Kwa nini basi?"

"Yule ndama alikuwa wangu, Kulwa. Babu alinipa kabla hatujaondoka. Nilimchunga tangu hajui kusimama. Nilikuwa nalala naye mgongo kwa mgongo, njia nzima, kwa ajili ya baridi." Aliokota kijiti, akachokoa makaa. "Ningemlaje?"

Kulwa alikuwa amejua kwamba kuna ndama aliyevunjika mguu. Kwamba ndama alikuwa na mwenyewe, hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya baba? Mbele ya wanaume wote wale? Wangesema huyu anayelilia ng'ombe ataswaga vipi."

"Na mimi nilikula," Kulwa akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilikula nikalamba vidole. Na wewe umekaa hapo."

"Ulikula." Doto akatabasamu kwa ule mwanya wa baba yao. "Ulikuwa umepaka mafuta mpaka kwenye paji la uso. Nilikuwa nalia kichinichini, nikakutazama, ukaniangalia ukasema, 'Doto, ina moshi kweli!' Nikashindwa kuendelea kulia. Ungekuwa hujala, ningelia mpaka Chunya."

Kulwa alichukua upindo wa kanga yake na kujifuta macho, na safari hii hakusingizia moshi. Akamshika kaka yake mkono, ukiwa na mafuta vilevile, akaushikilia magotini mwake. Wale wasichana wa kwenye vigoda waliinuka kwenda zao, na mmoja, akipita, akasema, "Shikamooni." Wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba," sauti mbili kama moja, wakatazamana.

Charles alikuja kuwaaga mpaka kwenye gari. Alimwambia Kulwa arudi siku yoyote. Kulwa akamwambia jiko lake halina moto wa kutosha upande wa kushoto, atafute magogo makavu. Safari hii Doto hakukaa mbele. Aliingia nyuma na dada yake, koti ameliacha wazi, kofia ameisahau, Bertha akakimbia kuileta.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Mbalizi na mlima Loleza ulikuwa umevaa ukungu kichwani. Violet aliendesha taratibu. Nyuma yake wale wawili walikuwa wanabishana kwa Kisukuma, lugha ambayo yeye huielewa nusunusu. Kulwa alisema ndama alikuwa mwekundu. Doto akasema, mwekundu wapi, alikuwa wa kijivu, mwenye doa la maziwa kwenye bega. Kulwa akasema korongo lilikuwa kabla ya mti mkubwa wa mbuyu. Doto akasema baada. Kisha wakaacha kubishana, wakaanza kutaja majina. Violet aliyatambua machache: babu, bibi, baba mdogo. Mengine hakuwahi kuyasikia hata siku moja, na kila jina likitajwa mmoja wao aliguna au alicheka, na mwingine akaongeza jambo.

Walifika kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Violet aliwasha taa ya kukata kona, akatazama kwenye kioo. Mama yake alikuwa ameegemea mbele, mikono hewani, anaonyesha urefu wa mtu fulani, na Doto alikuwa anatikisa kichwa: hapana, mrefu kuliko hapo.

Violet akazima taa ya kona, akaipita njia ya nyumbani, akanyoosha barabara kuelekea Songwe. Nyuma hakuna aliyegundua.